The Man Who Knew Too Much: ya 1934 au ya 1956?

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliitengeneza filamu ya hadithi hii mara mbili: Uingereza mwaka 1934, kisha Hollywood mwaka 1956. Wazazi walio safarini wananong'onezwa siri ya mauaji na mtu anayekata roho; mtoto wao anatekwa ili wanyamaze.

Kwa upande wa muda, ya zamani inashinda: dakika 75 tu, dhidi ya 120. Haina cha ziada. Uzi wa sweta unanaswa kwenye koti la mtu anayecheza dansi, unafumuka katikati ya wachezaji, watu wanacheka, halafu tundu la risasi linaonekana kwenye kioo cha dirisha. Na Peter Lorre, anayeigiza adui! Adui wa filamu ya pili hamfikii hata kidogo.

Ya 1956 ina rangi, ina mji wa Marrakech huko Morocco, na ina Doris Day, anayeigiza mama, akiimba wimbo uliopata Oscar. Tukio la Royal Albert Hall, ukumbi wa muziki wa London, lipo katika zote mbili, ila hapa linakwenda takriban dakika 12 bila mazungumzo. Unabaki kusubiri matoazi yagongwe, maana hapo ndipo muuaji amepanga kufyatua risasi. Uchungu wa mama ni mzito zaidi humu, ingawa mama wa 1934 ndiye anayeshika bunduki mwishoni.

Hitchcock mwenyewe aliiita ya kwanza kazi ya mwanagenzi mwenye kipaji, ya pili ya mtaalamu. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Ukiwa na saa moja na ushee, na sauti ya mikwaruzo haikukeri, anza na ya 1934. Mkiwa familia nzima sebuleni, wekeni ya 1956.