PS2 nene, diski 11 na mafundi wawili: nilicholipia na nilichopata

Diski ya kwanza ya mchezo kufa nyumbani kwetu iliuawa na bukari, ugali wetu. Mtoto wa dada yangu alikuwa akila huku anacheza, akaitoa diski kwa vidole vyenye mchuzi wa sombe (kisamvu), kisha akaipangusa kwa shati, kwa kuzungusha, na lile shati lilikuwa limeshiba vumbi jekundu la Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Diski husafishwa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukizungusha, unachora mkwaruzo unaofuata njia ileile ambayo lenzi inaisoma. Tangu siku hiyo mchezo ule ulikuwa unafika kwenye muziki wa mwanzo, halafu kimya.

Mashine yenyewe ni PlayStation 2, ile nene, nyuma imeandikwa SCPH-50004. Baba mdogo aliileta kutoka Liège mwaka 2008, na maneti mbili (vile vidhibiti vya mkononi), na diski 11 za asili. Kwa kuwa ilitoka Ubelgiji, iliingia kwenye umeme wetu wa volti 220 bila neno. Naitaja hiyo kwa sababu jirani alinunua ya Japani, ya volti 100, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Tulisikia mlio hadi kwetu.

Sasa nimeshaifungua mashine hii ikubali nakala, au kuifunguza, kwa njia tatu tofauti, na zote nimezilipia. Nilichotaka hakikubadilika hata mara moja: kucheza diski zangu 11 bila kuzigusa tena. Originali zikae kabatini, watoto washike nakala.

Njia ya kwanza ilikuwa chipu, ambayo hapa Lubumbashi kila fundi anaiita pisi. Nilimpata fundi mmoja karibu na soko la Kenya (Kenya komini yetu, si ile nchi). Kibanda chake kilikuwa na konsoli labda kumi zimefunguliwa matumbo, na hilo nililiona kama dalili nzuri. Siku hizi ningeliona vingine.

“Usiogope, yaya,” aliniambia. “Saa mbili tu, minamaliza.”

Alichukua siku nne na dola 25. Alinieleza vizuri, lakini, na maelezo yake nimekuja kuyathibitisha. Diski ya asili huwekewa kiwandani alama ambayo kichomeo cha kompyuta hakiwezi kuiandika. Ukiwasha mashine, kabla ya kitu chochote inaitafuta alama hiyo. Isipoiona, inakuletea kile kioo chekundu cha kukuambia uweke diski ya PlayStation. Nakala yako inaweza kuwa sawa na originali kwa kila herufi, bado itakataliwa, kwa sababu alama haikunakiliwa. Pisi inakaa katikati ya mazungumzo hayo na kujibu “ipo” kwa niaba ya diski. Kazi yake kubwa ni hiyo. Inaruhusu pia diski za Marekani na Japani, ingawa kwenye televisheni yetu ya zamani diski ya Marekani ilitoka bila rangi, nyeusi na nyeupe kama jezi ya Mazembe.

Shida ya pisi ni kwamba inaunganishwa kwa nyaya nyembamba kama unywele, nyingi, kila moja ikilehemiwa (kusude, tunavyosema sisi) kwenye nukta ndogo ya ubao mkuu. Mkono ukitetemeka, au chuma cha kulehemu kikiwa kinene na cha moto kupita kiasi, nukta inang'oka na ubao. Mkono wa fundi wangu nadhani haukutetemeka. Chuma chake ndicho kilikuwa cha kulehemia redio.

Kwa mwaka mmoja hivi ilifanya kazi, na siwezi kusema uongo, niliifurahia. Nilinakili diski zangu kwa kompyuta ya kazini baada ya saa za kazi: programu inasoma diski na kukupa faili moja la ISO, unalichoma kwenye DVD tupu. Nne kati ya zile 11 zilikataa kusomeka kwa sababu ya mikwaruzo. Moja kati ya hizo nne niliisugua kwa dawa ya meno, kama wanavyofundishana watu, na ikasomeka. Nyingine tatu nilizisugua vilevile, hazikusomeka, zikabaki zinanukia minti tu.

Kisha nikajifunza jambo ambalo hakuna muuza pisi anayekuambia: nakala inaichosha lenzi kuliko originali. DVD tupu za bei ya chini, zile zinazouzwa kwa rundo bila hata jina, hazirudishi mwanga wa leza vizuri kama diski ya kiwandani. Lenzi inahangaika, inarudia, unasikia krr, krr, krr. Nilijaribu kuchoma kwa kasi ndogo, 4x badala ya 16x, ikasaidia kiasi. Ongeza vumbi letu la kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zinyeshe, lile linaloingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, na utaelewa kwa nini lenzi ilinidumu miezi saba.

“Papa, njo vile, ile lantiye ishachoka,” fundi alisema, kama mtu anayenipa pole ya msiba. Dola 12.

Mwisho wake ulikuja jioni moja. Mashine ilianguka kutoka kwenye meza, si mbali, urefu wa goti. Ikawaka taa ya kijani, kioo kikabaki cheusi. Nilimrudia fundi, akaniambia ubao umekufa, nimwachie kama vipuri, atanipa dola tano. Nilikataa kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Fundi wa pili, kijana wa Kamalondo ambaye kazi yake hasa ni simu, aliifungua chini ya kioo cha kukuzia akanionyesha: nyaya mbili zimeachia, na moja ilikuwa inagusa pale isipopaswa. Aliitoa pisi yote, akasafisha, mashine ikarudi kuwa kama ilivyotoka Liège. Dola nane. Hakujisifu. Aliniuliza tu kwa nini mashine nene kama hii niliiwekea pisi wakati ina tundu la diski ngumu mgongoni.

Sikujua hata kwamba tundu lile lina kazi. Miaka yote nilidhani ni mahali pa feni ya akiba.

Kutoka hapo ndipo nilipoingia njia ya pili, kadi. Ni kadi ya kawaida ya memori, ya megabaiti 8, iliyowekwa programu inayoitwa Free McBoot. Hakuna kufungua skrubu, hakuna kulehemu. Unaichomeka, unawasha, na kwenye menyu ya mwanzo inaongezeka mistari mipya. Mmoja wa mistari hiyo unafungua programu ya Open PS2 Loader, wengi wanasema OPL, ambayo inasoma mchezo kutoka kwenye flashi, au kwenye mtandao wa nyumbani, au kwenye diski ngumu. Lenzi inapumzika. Kijana aliniuzia kadi kwa dola 10, ikiwa tayari imewekwa.

Hapa niseme kitu kwa yeyote anayetafuta kadi sokoni. Zile zilizoandikwa megabaiti 64 au 128, ziogope. Nyingi zinapoteza kila ulichohifadhi. Na kadi isiyo na mfumo wa MagicGate (ulinzi wa Sony ndani ya kadi) haiwezi kabisa kubeba programu hii, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Mwambie aichomeke kwenye mashine mbele yako na uone mistari mipya kwa macho, ndipo utoe pesa.

Flashi nilianza nayo kwa furaha, nikaichoka haraka. Bandari za USB za PS2 ni za toleo la 1.1, za kale, polepole. Mpira wenyewe unachezeka, lakini video za mwanzo zinakwamakwama, sauti inatangulia, midomo inafuata. Tena wakati ule flashi ililazimika kupangwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo mchezo mkubwa niliukata vipande kwa programu ya kompyuta kabla ya kuuweka. Kwa mtu wa mchezo mmoja au miwili ya mpira inatosha. Mimi nilikuwa na mchezo wa magari wenye video kila dakika tano, sikuvumilia.

Njia ya tatu, diski ngumu, ndiyo iliyonituliza. Inahitaji kipande kinachoitwa adapta ya mtandao, kinachofungwa mgongoni mwa mashine nene na chenye kiunganishi cha diski upande wa ndani. Adapta ndiyo iliyonisumbua kuipata. Nilizunguka wiki tatu, nikauliza hadi kwa watu wanaoleta bidhaa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwishowe yule kijana wa Kamalondo akaitoa kwenye konsoli iliyokufa. Dola 20. Diski yenyewe ilikuwa bure: gigabaiti 80, ya aina ya IDE yenye ule mkanda mpana, kutoka kompyuta ya ofisini iliyotupwa. Diski za SATA za siku hizi nazo zinawezekana, ila adapta yake iwe ya kufaa.

Kuijaza kulinichukua Jumapili nzima. PS2 ina namna yake ya kupanga diski ngumu, Windows haiielewi. Ukiiunganisha kwenye kompyuta, Windows itakuuliza kama unataka kuiandaa upya. Kataa. Mimi mara ya kwanza nilikubali kwa mazoea ya kubofya “ndiyo” kwa kila kitu, nikaanza upya. Na siku hiyo umeme ulikatika mara mbili. Ya pili niliipokea kwa kucheka.

Yule kijana alitaka kunijazia michezo sitini ya bure, tayari anayo. Nikamwambia weka yangu minane tu, niliyonunuliwa, ile niliyofanikiwa kuinakili. Alinitazama kama mtu aliyealikwa harusini akaja na chakula chake kwenye kibakuli. Sijidai mtakatifu, kabla ya hapo nimenunua nakala za barabarani kama kila mtu mjini, maana originali yenyewe nitaiona wapi? PS2 ilisimama kutengenezwa mwaka 2013 na mwaka huohuo ndiyo ilipata mpira wake wa mwisho, FIFA 14 na PES 2014. Lakini hizi nane zina muhuri wa baba mdogo, na mimi nilitaka kuokoa hizo.

Matokeo: mchezo unafunguka haraka kuliko ulivyokuwa ukifunguka kwa diski, video hazikwami, na krr krr imekwisha. Mchezo mmoja ulikataa hadi nilipobadilisha mipangilio yake ndani ya OPL. Inabidi ujaribu kimoja baada ya kingine, na hilo linachosha. Mwingine unaganda ukifika sehemu fulani, kila mara palepale, na nimeshaukubalia ushindi.

Kasoro kubwa ya kadi nimeiona kwa gharama ya mtoto yuleyule wa bukari, sasa ni kijana wa miaka 19. Ndani ya PES alijenga TP Mazembe yote kwa mkono, mchezaji mmoja mmoja, hadi kikosi kilichocheza fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter mwaka 2010. Kadi ikamwambia imejaa. Akaingia kwenye orodha, akaona kitu kisicho na jina la mchezo wowote, akakifuta. Kumbe ndiyo Free McBoot yenyewe. Asubuhi mashine ikawa ya kawaida, michezo yote iko ndani ya diski ngumu na hakuna mlango wa kuingilia. Kuirudisha, njia rahisi ni kadi nyingine ambayo tayari inayo. Kwa hiyo nunueni mbili, moja mfiche. Yangu iko ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Nikijumlisha: pisi na uharibifu wake, dola 45. Kadi mbili na adapta, dola 40, na zinafanya kazi hadi leo. Kama una mashine nene, usiruhusu mtu akaribie ubao wake na chuma cha moto. Kama una ile nyembamba, huna tundu la diski ngumu, lakini kadi bado inafaa kwa matoleo mengi, na nakala unaweza kuzivuta kwa waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta badala ya USB.

Isipokuwa matoleo ya mwisho ya SCPH-90000, ambayo yaliziba mwanya ule wa kadi. Kaka yangu wa Ruashi anayo mojawapo, alishakata tamaa. Kwa hizo kuna njia iliyotoka mwaka 2020, FreeDVDBoot: unachoma DVD moja maalum, unaweka lugha ya mashine kuwa Kiingereza, na kicheza filamu cha mashine yenyewe kinadanganywa kufungua mlango. Anakuja nayo Jumamosi. Nimemwambia alete DVD tupu mbili, moja ya kuharibu.