Glovu, miwani na gambuti: uzoefu wangu baada ya miezi 8 bustanini

Mwiba wa waridi ndio ulionisukuma kununua vifaa hivi. Nilikuwa napogoa kwa mikono mitupu, mwiba ukazama pembeni mwa ukucha wa kidole cha shahada na kukatikia humo humo. Kidole kikavimba, kikatunga usaha. Nilipokwenda kutibiwa, swali la kwanza lilikuwa: mara ya mwisho umechomwa lini sindano ya pepopunda? Sikukumbuka, nikachomwa siku ileile. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na jeraha la mwiba ni dogo kwa nje lakini linaingia ndani sana.

Nianze na glovu, maana ndizo ninazovaa kila siku. Nilinunua jozi mbili. Ya kwanza ni ya nailoni iliyopakwa nitrili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, kiganjani. Hii naipenda kweli. Inakaa mkononi vizuri kiasi kwamba naweza kung'oa gugu dogo kwa ncha za vidole na kupandikiza miche bila kuivua. Ila upande wa juu wa mkono ni kitambaa kitupu. Maji yanapita, miiba nayo inapita.

Laiti ningejua mapema kusoma lebo yake. Kuna alama ya EN 388, kiwango cha Ulaya cha glovu za kinga, na chini yake tarakimu nne: ya kwanza ni uimara dhidi ya msuguano, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Zangu zimeandikwa 4121. Kwa msuguano zina daraja la juu kabisa, kwa kutobolewa lile la chini kabisa. Mwenye waridi aitazame hiyo ya nne kabla ya kulipa, na hata ikiwa kubwa asijiamini mno, kwa sababu kipimo hufanywa kwa ncha ya chuma iliyo nene kuliko mwiba.

Jozi ya pili ni ya ngozi, inafika karibu na kiwiko. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, vidole havikunjiki. Sasa zimelainika, na tangu nianze kuzivaa sijachomwa hata mara moja nikipogoa. Niliwahi kuzisahau nje zikanyeshewa, kisha nikazianika juani. Zikakakamaa kama gome la mti, ikanibidi nizipake mafuta ya ngozi mara kadhaa. Zianikwe kivulini.

Kwa kunyunyizia dawa ya wadudu, zote mbili hazifai. Ngozi na kitambaa hufyonza dawa na kuikalisha kwenye mwili wako, na ngozi haioshwi ikatakata. Kazi hiyo ina glovu zake, za nitrili tupu zisizo na kitambaa ndani. Nikimaliza nazisafisha kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo nazivua. Mguu wa suruali nao nautoa nje ya gambuti, usiuchomeke ndani, dawa ikichuruzika isiishie kwenye soksi. Nguo za siku hiyo nazifua peke yake.

Gambuti zenyewe ni imara, zina chuma mbele ya vidole, soli haitelezi kwenye tope. Joto lake ni kali na miguu hutoka jasho, kwa hiyo soksi nene ni lazima.

Miwani nilidhani ni ya ziada tu. Ni ya polikaboneti, plastiki ngumu, imeziba na pembeni, na asubuhi zenye unyevu huingia ukungu nikalazimika kusimama kuifuta. Mwezi wa tatu, nikiwa nakata nyasi kwa mashine ya kamba, kokoto iliruka ikagonga kioo cha kulia. Nilisikia mlio tu, "ta!", nikasimama nimeishika mashine, moyo unanidunda. Kuna mchubuko mweupe, mdogo kama punje ya mchele, mbele kabisa ya mboni ya jicho. Siku hizi naivaa hata nikikata mimea ya jamii ya Euphorbia, maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni hujeruhi vibaya.

Miwani nyingine nimeshaagiza, ya aina ileile. Glovu za nailoni nazo zimeanza kutoboka kwenye kidole gumba. Nitanunua tena hizohizo, ila namba 8 badala ya 9, maana hizi zinaning'inia kwenye ncha za vidole.