Uzoefu wangu: rekodi nne zinazosifiwa na wahakiki, kwenye sabufa ya Arusha

Mhakiki akisifia rekodi ya muziki usiozoeleka, muulize kwanza anasifia nini: utunzi, upigaji, au kazi ya fundi wa sauti. Simfoni za Beethoven zimerekodiwa mpaka basi, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Kazi yenye rekodi moja tu haina mshindani, na nyota tano inazopewa mara nyingi ni shukrani kwamba hatimaye inasikika. Si uongo, ila hazikuambii kama itasikika vizuri sebuleni kwako Sakina au Njiro, bodaboda zikipita dirishani. Hizi nne nimezisikiliza kwa hedifoni za waya na kwa sabufa ya kawaida, ile ya boksi la besi na spika mbili ndogo.

Naanza na mtunzi Florence Price kwa sababu kwake kulinganisha kunawezekana. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Simfoni yake ya kwanza, ya E maina (minor, ngazi ya sauti yenye huzuni), ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra tarehe 15 Juni 1933, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupigiwa simfoni na okestra kubwa ya Marekani kabla yake. Alifariki 1953 na jina lake likafifia. Mwaka 2009 rundo la maandishi yake likakutwa kwenye nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, likiwa na Simfoni ya Nne ya mwaka 1945. Kampuni ya rekodi ya Naxos ilitoa ya Kwanza na ya Nne mwaka 2019, Fort Smith Symphony wakiongozwa na John Jeter. Wenzao wa Deutsche Grammophon wakatoa ya Kwanza na ya Tatu mwaka 2021, Philadelphia Orchestra na Yannick Nézet-Séguin, wakachukua Grammy ya upigaji wa okestra mwaka uliofuata.

Kipimo changu ni sehemu ya pili ya Simfoni ya Kwanza. Vyombo vya shaba vinapiga tenzi kwa sauti pana ya kwaya, ngoma zinajibu chini kwa upole, na kuelekea mwisho kengele zinaingia. Aliyekulia Machame au Marangu akisikia matarumbeta ya usharika kila Jumapili anajua cha kusikiliza: je, wapigaji wanavuta pumzi pamoja? Je, sauti za kati zinasikika, au zimemezwa na ya kwanza? Philadelphia wanafaulu bila jasho. Fort Smith ni okestra ndogo na nyuzi zao hazina unene ule, lakini shaba zao ziko mbele zaidi na kila mstari unaufuata peke yake.

Kwenye sabufa matokeo yanageuka. Unene wa Philadelphia ukiongezewa besi ya boksi unakuwa uji. Rudisha kitufe cha besi hadi robo, toa boksi kwenye kona ya chumba (kona huongeza besi hata kama hujagusa kitu), pandisha spika ndogo usawa wa masikio na uzitenganishe kama mita moja na nusu au mbili. Halafu nenda sehemu ya tatu, ile ya Juba, dansi ya watumwa waliopiga makofi na mapaja kwa kuwa hawakuwa na ngoma. Humo mna filimbi ya kuteleza, chombo cha mzaha kabisa katikati ya okestra. Usipoisikia, umebana treble (sauti za juu) kupita kiasi. Kwa Simfoni ya Kwanza nachukua Philadelphia kwa hedifoni na Fort Smith kwa sabufa. Ya Nne kwenye Naxos ndiyo rekodi yake ya kwanza duniani, na hapo sifa za wahakiki zichukue kama nilivyosema mwanzo: zinamhusu zaidi Price kuliko wapigaji.

Pieces of Africa ya Kronos Quartet, kwarteti (wapigaji wanne) ya nyuzi ya Marekani (Nonesuch, 1992), imesifiwa kuliko zote hapa, na iliwahi kuongoza chati za Billboard za klasiki na za muziki wa dunia. Kinachonikera ni wahakiki wanaoizungumzia kana kwamba Afrika ni mtaa mmoja. Watunzi ni saba: Zimbabwe, Moroko, Gambia, Uganda, Nubia ya Misri, Ghana na Afrika Kusini, na kila mmoja anataka sikio lake. Kilicho bora humo, kwa maoni yangu, ni kipande cha Justinian Tamusuza wa Uganda, sehemu ya kwanza ya kazi inayohusu Njia ya Msalaba. Kwarteti iko peke yake, hakuna mgeni wa kuisaidia. Mstari wa mmoja unajaza nafasi aliyoiacha mwenzake, jinsi wapigaji wa amadinda, marimba ya Uganda, wanavyopishana. Kwa spika moja ya Bluetooth, wapigaji wanne wanageuka kuwa mmoja mwenye mikono mingi, na utamu wote umeisha. Kinahitaji kushoto na kulia.

Kwenye albamu hiyohiyo, Escalay ya Hamza El Din, inayohusu gurudumu la maji la Wanubi, inakwenda polepole na haidai chombo cha bei. White Man Sleeps ya Kevin Volans wa Afrika Kusini ilianza mwaka 1982 kwa hapsikodi mbili (kinanda cha zamani cha nyuzi zinazodonolewa), viola da gamba (chombo cha zamani cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde) na ngoma, katika upangaji wa sauti usio wa Kizungu. Toleo la kwarteti ni tamu lakini limenyooshwa, na kama umezoea zeze la Kigogo utahisi kuna ukali ulioondolewa.

Tabula Rasa ya Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia (ECM, 1984), ndiyo inayoharibiwa zaidi na mipangilio ya simu. Chukua Cantus, kipande kifupi cha nyuzi na kengele moja. Nyuzi zote zinashuka ngazi ya A maina, kila kundi kwa mwendo wake, hadi zinatua kwenye akodi moja nzito (sauti kadhaa zikilia pamoja). Zinaponyamaza ghafla, kengele iliyogongwa kwa siri chini yake inabaki ikilia peke yake. Programu nyingi za muziki zina kipengele (crossfade) cha kuingiza wimbo unaofuata kabla wa kwanza haujaisha. Sekunde tano za mchanganyiko huo zinatosha kuifuta kengele. Zima. Zima pia kusawazisha sauti kwa kila wimbo, au uchague kwa albamu nzima, la sivyo vipande vya kimya vinapandishwa hadi vilingane na vya kelele. Sehemu ya mwisho ya albamu, yenye fidla mbili na piano iliyotegwa vitu kwenye nyuzi zake, inazama taratibu hadi kimya ambacho Pärt mwenyewe amekiandika. Masika usijisumbue: chini ya bati, mvua ya Aprili inaimaliza yote kuanzia dakika ya kwanza.

Become Ocean ya mtunzi Mmarekani John Luther Adams (Seattle Symphony, Ludovic Morlot, Cantaloupe, 2014) ilishinda Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, kabla haijatoka kwenye rekodi. Ni dakika 42 mfululizo. Okestra imegawanywa makundi matatu, kila moja likipanda na kushuka kwa mwendo wake, na nusu ya pili inarudi kinyumenyume. Spika ya simu haina uwezo wa besi ile. Utasikia mng'aro wa juu tu, uone watu wamesifia bure. Hapa sasa sabufa inalipa, mradi usijaze sauti mwanzoni, maana mawimbi yakija yote pamoja spika ndogo zitakoroma.

Kuhusu bando: MP3 ya 320 kbps inakula kama MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo Adams ni takriban MB 100, na FLAC (faili lisilopunguza ubora wa sauti) ya kiwango cha CD ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Pakua kabisa, usicheze moja kwa moja mtandaoni, kwani mtandao ukiyumba katikati ya kipande cha kimya huwezi kujua kama ni Pärt au ni mnara. Sabufa nyingi hazisomi FLAC, na fleshi iliyoformatiwa kwa mfumo wa exFAT zinaikataa. Format kwa mfumo wa FAT32, geuza mafaili yawe MP3 ya 320, kila albamu na folda yake, majina yaanze na 01, 02, 03. Zipo zinazofuata mpangilio wa kunakili na si majina, kwa hiyo nakili faili moja moja kwa zamu. Kwenye Kronos, Kutambarara (kipande cha mwisho) ikicheza kabla ya Mai Nozipo (cha kwanza), futa folda nzima uinakili upya.