Triga ipi ya bastola kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwenye duka la jumla Makambako, mfanyabiashara wa mbao Mafinga, mnunuzi wa dhahabu Chunya: watu wa namna hii wakikaribia kupata kibali cha bastola huanza kuulizia kampuni, bei na idadi ya risasi kwenye magazini. Triga, kile kipande unachokivuta kwa kidole ili bastola ipige, huulizwa mwisho, au isiulizwe kabisa. Naomba ianze yenyewe. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na silaha ikishasajiliwa kwa jina lako huibadilishi kama simu. Ukikosea kuchagua, utakaa nayo.

Huku kwetu triga ni suala la baridi. Mbeya mjini pako mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na Juni na Julai upande wa Makete na Kitulo kunapambazuka na sakitu majanini. Kidole kilichokufa ganzi hakihisi kimegusa triga kwa nguvu kiasi gani. Juu yake umevaa koti zito, pengine na glavu, na koti lenyewe lina kamba pindoni. Ajali inayojulikana sana kwa bastola hutokea wakati wa kuirudisha kwenye mkoba wake wa kuvaa: kamba au pindo la nguo linaingia ndani ya kinga ya triga, ile pete inayoizunguka, mwenyewe anasukuma chini, risasi inampiga pajani. Wengi wanaosifia triga nyepesi wanapiga shabaha kwenye uwanja wa mazoezi, mikono ina joto na hakuna koti. Ushauri wao ni mzuri kwa kazi yao. Wewe kazi yako ni nyingine.

Bastola ninazozipanga hapa hazina nyundo ya nyuma. Ndani ya slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, kuna pini inayosukumwa na springi. Triga ikifika mwisho pini inaachiwa, inagonga kitako cha risasi. Tofauti kubwa ni moja: kabla hujagusa triga, pini imekokiwa, yaani imevutwa nyuma ikiwa tayari kugonga, kiasi gani? Kuna zilizokokiwa nusu, kidole kinamalizia. Kuna zilizokokiwa karibu zote au zote kabisa, kidole kinaachia tu. Na chache zinakupa nafasi ya kuiachia pini itulie, ili mvuto wa kwanza uwe mrefu na mzito.

Ya kwanza: Glock

Jeshi la Austria liliichukua Glock 17 mwaka 1982, na namna triga yake inavyofanya kazi haijabadilika sana. Pini imekokiwa nusu. Mvuto ni kilo 2.5 hivi kwa ile ya kawaida, na risasi ya kwanza hadi ya mwisho kidole kinafanya kazi ileile. Triga inaingia kidogo bila ubishi, inafika kwenye ukuta, pale inapoanza kugoma, ukiongeza nguvu inaachia. Ukuta huo si mkali, una utelezi fulani, na wenye kupenda shabaha wanaulalamikia. Kwa mtu mwenye koti la Juni, safari hiyo pamoja na uzito wake ni muda wa kutambua kwamba kidole kiko mahali kisipotakiwa.

Katikati ya triga kuna ulimi mdogo. Ulimi huo unazuia triga isirudi nyuma bastola ikianguka au ikibanwa ubavuni. Hauzuii kamba ya koti iliyopita katikati yake. Nasisitiza hili kwa sababu wauzaji huuita sefti, yaani kizuizi cha usalama, na mnunuzi anaondoka akiamini amelindwa kwa kila kitu. Ndani kuna kizuizi kingine kinachoishika pini mpaka triga ivutwe, na hicho ndicho kinachokulinda bastola ikidondoka sakafuni.

Udhaifu wake: huwezi kuifungua kwa ajili ya kusafisha bila kuvuta triga. Kwa hiyo magazini itoke kwanza, kisha vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho, ingiza kidole uhakikishe, elekeza mtutu mahali salama, ndipo uvute. Ukianza na slaidi kabla ya magazini, umeingiza risasi nyingine mwenyewe.

Ya pili: Smith & Wesson M&P yenye sefti ya kidole gumba

M&P ilitoka 2005, toleo la M2.0 likafuata 2017. Inauzwa ikiwa na sefti ya pembeni au bila. Chukua yenye sefti. Unaipandisha kabla ya kurudisha bastola mkobani, na hapo hata nguo ikinasa kwenye triga, bastola haipigi. Gharama yake ni mazoezi, tena ukiwa umevaa glavu zilezile unazovaa asubuhi, maana kidole gumba kilichofungwa huweza kukosa kitufe. Kama hutafanya mazoezi, baki na Glock. Jambo jingine zuri: ina kiwenzo kidogo ndani kinachokuwezesha kuifungua bila kugusa triga.

Ya tatu: HS ya Kroatia, inayouzwa Marekani kama Springfield XD

Pini yake imekokiwa karibu yote, na triga si ya kusisimua. Nimeiweka juu kwa sababu ya sefti iliyo mgongoni mwa mpini: mkono usiposhika sawasawa, haipigi. Wakati wa kuirudisha mkobani unaweka gumba nyuma ya slaidi na kuachia mgongo wa mpini, basi silaha imefungwa bila kitufe chochote cha kukumbuka. Shida ni kwamba slaidi nayo haivutiki bila kubana sefti hiyo, na mkono wenye ganzi unaweza kushika vibaya siku ya hatari.

Ya nne: CZ P-10 C

Mvuto wake ni msafi kuliko wa Glock, ukuta unasikika, na triga inarudi upesi. Wa Iringa mjini anayepata nafasi ya kulenga mara kwa mara ataipenda. Naishusha kwa sababu vipuri na magazini za Glock ziko nyingi zaidi duniani, na kwa kuwa nayo hufunguliwa kwa kuvuta triga.

Nje ya hizo nne, Walther PDP na HK VP9 zina triga bora kuliko zote nilizotaja: fupi, safi, za kukokiwa kamili. Canik ya Uturuki, iliyozaliwa kutokana na Walther P99, inazifuata kwa bei ndogo. Hizi ni za mtu aliyekwisha kuzoea kuweka kidole nje ya kinga bila kufikiri. P99 yenyewe, ile yenye kitufe juu ya slaidi cha kuituliza pini, mvuto wa kwanza ni kilo 4 hivi na unaofuata ni 2. Ukiipata iliyotumika na ikiwa nzima, ipe nafasi, ila ujue unajifunza triga mbili. Taurus G2C ya Brazil ni nafuu, safari ya triga ni ndefu, na sefti ya gumba ipo. Kwa bajeti ndogo inatosha.

Ya mwisho: SIG P320

Jeshi la Marekani liliichagua 2017, na hilo linawavuta wengi. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kampuni ilitangaza kubadilisha vipande vya triga bure baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kupiga ikianguka kwa pembe fulani. Kesi zimeendelea mahakamani huko. Pini imekokiwa kamili, triga haina ulimi, na nyingi za kiraia hazina sefti ya gumba. Ikiwa ni ya mkono wa pili, namba yake ihakikiwe kwa mtengenezaji kabla hujatoa hela. Kwa koti na baridi yetu, mimi singeinunua.

Mkienda kutazama, omba kuivuta ikiwa tupu mbele ya muuzaji, kwa glavu na bila glavu. Sikiliza ukuta uko wapi, kisha achia polepole usikie triga inaposhika tena. Usikubali fundi akupunguzie uzito kwa tupa au springi laini. Tuna mafundi hodari Mwanjelwa, Mbeya, lakini kipande kinachoishika pini kikipunguzwa hata kidogo, silaha inaweza kujipigia yenyewe.

Njia ya pini iache kavu. Mafuta yakichanganyika na vumbi la mbao au la Chunya yanakuwa uji, na asubuhi ya baridi uji huo unaipunguza pini mwendo mpaka inagonga bila kulipua. Na pesa ya mkoba iweke kando tangu mwanzo: uwe mgumu, ufunike triga yote, mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Kamba za koti zikate au zifunge ndani.