Uzoefu wangu na vitabu vya Genki: sarufi ya Kijapani kwa sisi tunaowaza kwa Kiswahili

Nimemaliza Genki vyote viwili, toleo la tatu, na namshauri avitumie yeyote anayetaka kuielewa sarufi ya Kijapani na si kukariri salamu tu. Jumla ni masomo 23. Maelezo ni ya Kiingereza, kwa hiyo fanya kama mimi: soma kanuni, funga kitabu, jieleze upya kwa Kiswahili. Hapo ndipo mambo yaliponifungukia.

Chukua umbo la -te, yaani kitenzi kinachobadilishwa mwisho ili kiungane na kinachofuata; linaanza somo la 6. Kanuni za sauti hazina njia ya mkato: nomu (kunywa) huwa nonde, kaku (kuandika) huwa kaite, matsu (kusubiri) huwa matte, na iku (kwenda) inakwenda kinyume na wenzake, inakuwa itte. Zitamke kwa sauti mpaka mdomo uzizoee. Matumizi yake lakini tunayo tangu utotoni. "Nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi" ni ichiba ni itte, sakana o katte, kaerimashita. Sisi wakati tunautaja kwenye kitenzi cha kwanza, halafu -ka- inavuta vinavyofuata; Mjapani anauweka kwenye kitenzi cha mwisho. Ukimsikiliza, mvumilie amalize sentensi.

Kilichonitesa kweli ni vile vijineno vinavyofuata nomino, hasa "ni" na "de". Sisi -ni yetu inabeba vyote: niko maktabani, nasoma maktabani. Kwao husemwa "toshokan ni imasu", lakini "toshokan de yomimasu". Ya kwanza ni ya kuwepo, ya pili ni ya tendo linalofanyika pale. Niliandika sentensi za jozi kama hizo daftari zima, maana mazoezi ya kitabu peke yake hayakunitosha. Kijineno kingine, "ga", kilikuja kirahisi zaidi. Ukiulizwa dare ga kimashita ka (nani alikuja?), jibu ni Tanaka-san ga kimashita: Tanaka ndiye aliyekuja. Mara nyingi palipo na "ndiye" yetu, ga haiko mbali.

Masomo ya 21 hadi 23 yanaogopwa na wengi, nami niliyafurahia kuliko yote. Taberu, tabesaseru, tabesaserareru: kula, kulisha, kulishwa, ingawa hiyo ya mwisho kwao ina harufu ya kulazimishwa. Kurefusha kitenzi kwa viambishi ni kazi tunayoifanya kutwa nzima bila kufikiri.

Kabla hujanunua, jua haya: herufi za Kilatini zinakuacha baada ya somo la 2, kwa hiyo hiragana, herufi za msingi za Kijapani, ianze mapema. Sauti ni za bure kwenye programu ya OTO Navi. Kitabu cha mazoezi na cha majibu huuzwa kando, na gharama hupanda. Kama pesa ni ya vitabu viwili tu, chukua Genki ya kwanza na kitabu chake cha mazoezi. Ya pili itasubiri.