TAHADHARI: Oili chafu inauzwa Mbeya kama oili ya gia, wenye kirikuu na Hiace angalieni

Ndugu zangu wenye magari ya manyuo (ya kuingiza gia kwa mkono), hasa sisi wa kirikuu, vile vipikapu vidogo, tunaopanda Isyonje kufuata viazi: kuna mtu hapa mjini anauza oili chafu ya injini ndani ya madumu ya oili ya gia. Nilinunua, nikaiweka kwenye gari langu, na ndani ya wiki tatu gia namba mbili imekufa. Jina lake na kibanda chake siandiki hapa, hayo nimeyapeleka panapohusika. Ninachoandika ni namna alivyonipata, maana wengi mtapatikana vilevile.

Oili yangu ya gia ilikuwa imetembea kilomita elfu arobaini na kitu, muda wa kuibadilisha ulikuwa umefika. Maduka mawili niliyouliza waliniambia 16,000 kwa lita. Huyu akasema 9,000. Nikamuuliza mbona rahisi, akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, hii ni 90. Kwenye injini si unaweka 40? Basi hii ni nzito zaidi ya mara mbili, gia zitatulia zenyewe." Akaongeza kwamba hiyohiyo inaingia kwenye difu (gia za ekseli) na kwenye pawa stelingi. Hapo ndipo nilipaswa kuondoka.

Lile neno la 90 na 40 ndilo linaloumiza watu. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini hazipimwi kwa mizani moja. Oili ya gia ya 90 uzito wake unakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Kwa hiyo ukiimimina na kuona inateleza polepole, bado hujathibitisha kitu, oili ya injini nayo itakwenda hivyohivyo. Tofauti kubwa iko kwenye dawa zilizochanganywa ndani. Oili ya gia ina dawa za salfa na fosforasi zinazozuia meno ya gia yasilane chini ya mzigo mzito. Ndiyo maana oili ya gia halisi ina harufu kali inayokera pua, karibu na ya kiberiti au yai bovu, na rangi yake ikiwa mpya ni ya asali, unaona mwanga ukipita. Ile niliyouziwa ilinuka moshi, nami nikaipuuza pua yangu.

Na ile habari ya dumu moja kwa kila mahali ni uongo mtupu. Kwenye kitabu cha gari utakuta GL-4 au GL-5, hayo ni madaraja ya oili ya gia. Difu za magari yetu mengi ya kubebea mizigo zinataka GL-5. Gia boksi nyingi zinataka GL-4, kwa sababu ndani kuna zile ringi za shaba, sinkronaiza, zinazosawazisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza, na baadhi ya oili za GL-5 zinaweza kuzila shaba hizo au kuzifanya ziteleze kupita kiasi. Yapo pia magari ya manyuo yanayotaka oili ya otomatiki. Soma kitabu, usimsikilize muuzaji.

Dalili zilianza asubuhi, baridi ya Julai mnaijua. Kuingiza namba mbili nikitoka Uyole ilikuwa kama kusukuma mlango uliovimba. Baadaye ikaanza kukwaruza, kisha nikiwa na gunia nane mlimani ikachomoka yenyewe. Namshukuru Mungu nilikuwa napanda, sishuki.

Fundi wa Uyole alipofungua bolti ya chini ilitoka kitu cheusi tititi. Oili ya gia ya wiki tatu haiwi vile. Kwenye sumaku ya bolti, uji laini wa chuma ni kawaida. Mimi nilikuta vipande, na vingine vina rangi ya shaba. Bili ni 280,000, bila kuhesabu siku tano nilizokaa bila kazi. Jioni nikachukua lile dumu nikabandua lebo kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya oili ya injini.

Kwa hiyo mkinunua, kagueni pete ya kifuniko kama haijakatwa na kugandishwa tena, lebo kama haijapandishwa juu ya lebo, na namba za kiwandani kama hazijafutwa. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine. Mimina kidogo kwenye karatasi nyeupe uone rangi kabla fundi hajagusa gari.

Kuhusu muda, msikubali kuambiwa oili ya gia inabadilishwa kila sevisi kama ya injini, hiyo ni njia ya kuwauzia. Magari mengi ni kati ya kilomita 50,000 na 100,000. Kwa mizigo na milima yetu mimi naishia 40,000. Ila ukivuka maji na oili ikawa kama chai ya maziwa, badilisha siku hiyohiyo.

Simama hapo wakati inabadilishwa. Gari litembee dakika kumi kwanza oili ipate moto, lisimame sehemu tambarare, na lisikae juu ya jeki peke yake mtu akiwa chini. Bolti ya juu, ya kujazia, ifunguliwe KWANZA. Ikigoma baada ya kumwaga, umebaki na gia boksi tupu. Washa za bolti (pete za kuzibia) ziwe mpya, kisha oili ijazwe hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, kama kitabu chako hakisemi vingine.

Malalamiko yangu yako TBS (Shirika la Viwango), ofisi ya kanda hapa Mbeya. FCC (Tume ya Ushindani) nao wanashughulikia bidhaa bandia. Dumu langu nimelitunza na robo lita iliyobaki. Kama ulinunua oili ya gia ya 9,000 kuanzia Juni, usipandishe gari mlima. Oili hiyo itolewe leo, bakiza kidogo kwenye chupa, uandike hapa chini ili tupeleke malalamiko pamoja.