Roki ya Setilaiti Barabarani: Stesheni Ipi Uilipie na Ipi Uipite

Anayeendesha lori kutoka Omaha kwenda Cheyenne kwa barabara kuu namba 80 ana kilomita zipatazo 800 za mahindi na nyasi mbele yake, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo stesheni za FM huja na kutoweka kama mgeni anayepiga hodi kisha akaondoka kabla ya kukaribishwa. Ndiyo sababu madereva wengi wa Marekani na Kanada, wakiwemo wenzetu waliotoka Mombasa, Dar es Salaam na Lubumbashi, hulipia redio ya setilaiti. Mawimbi wanayapata bila shida. Malalamiko ninayoyasikia kwenye vituo vya mafuta ni ya aina nyingine: "Ndugu yangu, mimi nalipa kila mwezi, stesheni zimejaa tele, lakini wiki nzima nasikia nyimbo zilezile kumi na tano." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa yule ambaye bado hajalipa lakini anapenda magitaa.

Kwa upande wa muuzaji hakuna uchaguzi. Huduma hii Marekani ni ya kampuni moja tu, SiriusXM, iliyopatikana mwaka 2008 baada ya kuungana kwa XM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2001, na Sirius, iliyofuata mwaka 2002. (Setilaiti mbili za mwanzo za XM ziliitwa Rock na Roll, kwa hiyo mpenzi wa muziki huu hawezi kusema kwamba hakufikiriwa tangu siku ya kwanza.) Uchaguzi wako basi umo ndani ya huduma hiyohiyo: stesheni zipi uziweke kwenye vifungo vyako, kifurushi kipi ulipie, na kifaa gani utumie. Nitaanza na stesheni, kwa kuwa mtu akikosea hapo hata kifurushi cha bei ya juu kabisa hakitamsaidia.

Nilipoamua kuzipima, nilinunua daftari dogo, na kila niliposimama kupumzika niliandika nyimbo nilizozikumbuka. Nilitazama mambo matatu: wimbo unachukua muda gani kabla ya kurudi, stesheni inajua nyimbo ngapi za bendi moja, na kama kuna binadamu anayezungumza katikati. Kwa jambo la pili nina kipimo changu mwenyewe, nacho ni bendi ya Queen. Freddie Mercury, mwimbaji wake, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na bendi hiyo ilitoa albamu 15 za studio. Stesheni ambayo kwa siku mbili mfululizo inakupa nyimbo zake nne zilezile zinazoimbwa viwanjani imekwisha kukuonyesha kina cha kisima chake. Stesheni yenye orodha fupi humpendeza anayesikiliza dakika 20 akienda kazini. Kwa anayekaa nyuma ya usukani saa kumi na moja kwa siku, orodha hiyo hugeuka adhabu.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Deep Tracks. Hii hupiga roki ya kuanzia miaka ya 60, lakini badala ya vibao huchimba nyimbo zilizokaa ndani ya albamu, upande wa pili wa santuri, zile ambazo mwenye santuri peke yake ndiye aliyezijua. Hapa utasikia Led Zeppelin, Jethro Tull au Queen kwa nyimbo ambazo hukuwahi kuzisikia redioni, na mara nyingi utakuta wimbo wa dakika nane umeachwa uishe wenyewe. Nilivuka Nebraska usiku nikiwa nayo, na ilipita zaidi ya saa sita kabla sijakutana na wimbo niliouweza kuuimba mwanzo hadi mwisho. Si kila mtu atafurahia hali hiyo, kwa maana wako wanaotaka kuimba, na kwao Deep Tracks itakuwa kama karamu ya watu wasiowafahamu. Liko pia tahadhari moja la kiufundi: namba za stesheni hubadilishwa mara kwa mara, na baadhi ya stesheni hazishikwi na redio kongwe, hasa zile zilizotengenezwa kabla ya kampuni mbili hizo kuungana. Kabla ya kulipa, tafuta orodha ya stesheni zinazopatikana kwa aina ya redio iliyomo katika gari lako, uhakikishe kwamba hii imo.

Ya pili ni Underground Garage, na kwa siku nyingine ningeiweka ya kwanza. Aliyeibuni ni Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa E Street Band ya Bruce Springsteen, na inasikika wazi kwamba orodha ya nyimbo imepangwa na mtu mwenye mapenzi na chuki zake. Bendi ya Uingereza ya mwaka 1965 hufuatwa na vijana waliorekodi mwaka jana, kisha sauti za vikundi vya waimbaji wa miaka ya 50, na vyote husikika kama watoto wa nyumba moja. Watangazaji huzungumza sana, nao wana habari za kusema: nani alipiga ngoma siku ile, studio ilikuwa mtaa gani, kwa nini bendi ilivunjika. Anayetaka magitaa ya metali, yaani roki nzito kabisa, au nyimbo ndefu za miaka ya 70 zenye vinanda vingi hatazipata hapa. Nyimbo ni fupi na zenye haraka.

Nafasi ya tatu nazipa kwa pamoja Classic Vinyl na Classic Rewind, stesheni mbili ambazo wageni wengi huzichanganya. Majina yenyewe yanaeleza tofauti: ya kwanza ni ya zama za santuri, yaani miaka ya 60 na 70, na ya pili ni ya zama za kanda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 hadi ya 90. Zote mbili ni za vibao, zimetengenezwa vizuri, na kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaifahamu roki hakuna darasa bora zaidi. Kwa msafiri wa masafa marefu, hata hivyo, ni chumvi ya kunyunyizia, maana vibao kwa asili yao ni vichache.

Zinazofuata zinategemea umri wako kuliko hukumu yangu. Aliyekuwa kijana miaka ya 90 na aliyejua maneno ya Nirvana, Soundgarden na Alice in Chains kwa moyo ataipenda Lithium, na mwenye kumbukumbu za The Cure, Depeche Mode na Talking Heads ataelekea 1st Wave. The Spectrum huchanganya nyimbo za zamani na mpya kwa upole, na ndiyo ninayoiwasha ninapokuwa na abiria asiyependa kelele. Kwa wapenda uzito kuna Octane kwa roki ngumu ya sasa, Liquid Metal kwa metali kali kabisa, na Ozzy's Boneyard, iliyopewa jina la Ozzy Osbourne, mwimbaji wa metali aliyefariki Julai 2025.

Mwisho wa orodha yangu naziweka stesheni za msanii mmoja, ingawa matangazo ya kampuni huzitaja kwanza. The Beatles Channel, iliyoanzishwa Mei 2017, E Street Radio na Pearl Jam Radio ni kazi za heshima, lakini usilipie usajili wa mwaka kwa sababu ya moja kati yake, kwani mapenzi ya bendi moja huchoka kabla ya mwezi kwisha. Naitoa katika kundi hilo Tom Petty Radio, kwa sababu humo hurudiwa kipindi ambacho Petty mwenyewe, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alikitengeneza kabla ya kufariki mwaka 2017, akipiga nyimbo za watu wengine alizozipenda: blues, R&B na roki ya zamani. Kipindi hicho kina muziki mchanganyiko kuliko stesheni nyingi nzima.

Baada ya kuzichagua, jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba hulazimiki kubaki na moja. Redio kadhaa zenye kipokezi cha kisasa zina kipengele kiitwacho TuneMix, ambacho huchukua stesheni za muziki ulizozihifadhi kwenye vifungo, zikiwa tatu au zaidi, na kukuchanganyia nyimbo zake ziwe kama stesheni moja. Nilipoziunganisha Deep Tracks, Underground Garage na Lithium, nikaongeza Classic Vinyl ili nisikose cha kuimba, nilipata mchanganyiko ambao hakuna mpangaji wa vipindi angeuthubutu, nao umedumu kwenye redio yangu hadi leo. Hasara yake ni kwamba watangazaji hupungua au hutoweka, na Underground Garage bila maneno yake hupoteza nusu ya ladha. Ukiwa dukani, ulizia kipengele hicho kwa jina, usiridhike na muuzaji anayekuambia kwamba redio zote ni sawa.

Kuhusu vifaa, mpangilio wangu ni mwepesi. Gari likiwa na redio ya setilaiti tayari, tumia hiyo, hasa kama ni ya mfumo wa 360L, unaounganisha setilaiti na intaneti. Kama halina, kipokezi kidogo cha kubandika kwenye dashibodi chenye antena ya sumaku kinatosha, na unaweza kukihamisha siku ukibadilisha gari. Programu ya simu naiweka ya tatu kwa dereva wa masafa marefu, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika palepale FM ilipokatikia, lakini kwa anayeishi mjini naiweka ya kwanza, kwa sababu ya sauti. Nafasi ya mawimbi angani ni finyu na stesheni ni nyingi, kwa hiyo muziki unaopita kwenye setilaiti hubanwa sana. Sikiliza matoazi ya mpiga ngoma, utayasikia yakichirizika kama maji yaliyomwagwa kwenye kikaango cha moto. Ndani ya lori lenye ngurumo kasoro hiyo humezwa. Sebuleni, kwenye spika nzuri, inaudhi.

Kwenye malipo, chukua kifurushi cha chini kabisa chenye stesheni za roki unazozitaka, kwani kinachopandisha bei ya vifurushi vya juu kwa kawaida ni michezo na vipindi vya mazungumzo. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haijawa daima ndiyo inayokatwa: tangu mwaka 2009 kampuni imekuwa ikiongeza ada ya haki za muziki juu ya bei ya kifurushi, kwa hiyo uliza jumla kamili ya mwezi, pamoja na kodi, kabla ya kutaja namba ya kadi yako. Muda wa majaribio ya bure unaokuja na gari ukikaribia kwisha, usiwe na haraka, kwa sababu ofa nafuu hutolewa mara nyingi kwa wanaositasita. Andika kwenye kalenda siku ambayo bei ya ofa itapanda. Kujitoa nako kumekuwa na historia yake: Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York aliishtaki kampuni hiyo kwa kuwachosha wateja waliotaka kusitisha huduma, na Novemba 2024 jaji akaamua kwamba utaratibu wake ulikiuka sheria ya shirikisho.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kutolipa miaka mingi kwa mkupuo. Redio ya setilaiti ilitufikia kabla ya Wamarekani: AfriStar, setilaiti ya WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa Oktoba 1998, miaka mitatu kabla ya XM kwenda hewani. Mwaka 2008 WorldSpace ikafilisika na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai, na waliokuwa wamenunua redio zake wakabaki na maboksi ya plastiki. Leo setilaiti za SiriusXM zinalenga Amerika Kaskazini tu, kwa hiyo usimpelekee mjomba kipokezi Arusha ukidhani kitamfaa. Aliyeko nyumbani na anayetaka mchanganyiko mzuri wa roki kwa intaneti atasikiliza Radio Paradise, iliyoanza California mwaka 2000, bila matangazo ya biashara na bila malipo ya lazima.

Limebaki suala la antena, ambalo liligharimu uvumilivu wangu kuliko mengine yote. Fundi mmoja aliifunga ya kwangu juu ya dashibodi, kwa sababu, alisema, pale haionekani na haiibiwi. Nikielekea kusini ilifanya kazi bila kasoro. Nikielekea kaskazini muziki ulikatika kila baada ya dakika chache, na nilipita wiki mbili nikilaumu redio, usajili na hali ya hewa. Setilaiti zinazotumika sasa zimekaa juu ya ikweta, kwa hiyo ukiwa Marekani ziko upande wa kusini wa anga, na lori langu likigeuka kaskazini chumba kirefu cha kulala kilichoko nyuma ya kiti huwa ukuta kati ya antena na setilaiti. Tulipoihamishia juu ya paa, mahali inapoona anga pande zote, ukatikaji ulibaki kwenye mahandaki na chini ya madaraja mapana peke yake.